Miaka miwili na nusu bila mimba: msikimbilie IVF kabla mumeo hajapima

Swali nimelifupisha kidogo, linasema hivi: "Shikamoo dokta. Nina miaka 31, tuna miaka miwili na nusu kwenye ndoa na hatujawahi kutumia uzazi wa mpango wowote. Siku zangu zinakuja kila baada ya siku 38 hadi 45, na nina vinywele kidevuni. Nilipimwa homoni siku ya 21 nikaambiwa mayai hayapevuki, nikapewa Clomid ya kukuza mayai, nimemeza miezi minne bila kupigwa altrasaundi, hamna kitu. Zamani niliwahi kutibiwa PID (maambukizi ya kizazi na mirija). Mume wangu hajapima, anasema ana mtoto wa miaka tisa kwa mwanamke wa kwanza kwahiyo shida iko kwangu. Sasa tumeshauriwa tuchukue mkopo tukafanye IVF (kurutubisha yai maabara). Nifanyeje?"

Marahaba dada, na pole sana. Asante kwa kueleza vizuri, maana wengi huniandikia tu "sishiki mimba nisaidie" basi, wewe umenipa siku na majibu kwahiyo nina pa kushika.

Naanza na mkopo. Msichukue kwanza. Sio kwamba IVF ni mbaya, nimeshika mikononi watoto wengi wazuri waliopatikana hivyo na huko mbele nitakueleza inavyokwenda, ila kwa sasa hakuna mtu anayejua mnatibu nini. Mnaotafuta mtoto ni wawili, aliyepimwa ni mmoja, na huyo mmoja nae kapimwa siku ambayo siyo yake. Tuanzie hapo.

Kuhusu muda, hukuwahi sana wala hukuchelewa sana. Sisi tunaanza kuchunguza mkishakaa mwaka mzima mnakutana mara kwa mara bila kinga na mimba haijaingia, mwanamke akiwa na 35 kwenda juu tunangoja miezi sita tu, na akifika 40 hatungoji kabisa. Ila mwanamke ambaye siku zake zinarukaruka kama wewe, au aliyewahi kuugua PID, huyo haambiwi asubiri mwaka, anaanza mapema. Na usijione uko peke yako, Shirika la Afya Duniani mwaka 2023 lilisema karibu mtu 1 kati ya 6 hupitia hili wakati fulani wa maisha yake.

Sasa hiyo siku ya 21. Hiki kipimo ni cha projesteroni, homoni ambayo ovari inaitoa baada ya yai kutoka, kwahiyo ikiwa juu tunajua yai limetoka. Kwa wanawake wengi kuanzia yai linapotoka hadi hedhi inayofuata ni kama siku 14, hapo hapabadiliki sana, kinachorefuka au kufupika ni zile siku za kabla ya yai kutoka. Mwenye mzunguko wa siku 28 yai lake linatoka karibu na siku ya 14, wiki moja baadae projesteroni iko juu kabisa, ndo ikazaliwa hiyo "siku ya 21" ambayo imeandikwa kwenye fomu za vipimo kana kwamba wanawake wote tumetoka kiwanda kimoja. Wewe mwenye siku 40, hata kama kila kitu kinakwenda sawa, yai lingetoka kama siku ya 26 na projesteroni ingepanda kama siku ya 33. Siku ya 21 wewe ulikuwa hata yai hujatoa! Lazima jibu liwe chini. Kile kikaratasi kilichosema mayai hayapevuki hakijakwambia chochote dada yangu. Kipimo chako kinatakiwa kianze kama siku ya 31 hivi alafu kirudiwe kila wiki mpaka hedhi ije.

Na hapohapo niulize kitu ambacho hukusema: mmekuwa mkilenga siku ya 14? Naona watu wengi wamewekwa hiyo namba kichwani na app ya simu. Mbegu za mwanaume zinaishi ndani ya mwanamke hadi siku 5, yai likishatoka linakaa masaa 12 mpaka 24 tu basi limekufa. Kama mlikutana siku ya 12, 13, 14 mkapumzika mkaridhika mmemaliza kazi, yai linakuja siku ya 26 halikuti mtu. Mmekuwa mnafika kituoni na kuondoka kabla basi halijafika. Kwa mzunguko kama wako acheni kuhesabu, kutaneni kila baada ya siku mbili au tatu mwezi mzima, inatosha. Vile vijiti vya kupima mkojo kuona yai linakaribia kutoka visikuchanganye pia, vinapima LH, homoni inayopanda yai likikaribia kutoka, na wanawake wenye PCOS (tatizo la homoni linalofanya mayai yasipevuke vizuri) mara nyingi LH yao iko juu muda wote, unaona mistari miwili siku nane unadhani una mayai nane. Ute wa ukeni unaovutika, usio na rangi, wa kupitisha mwanga, ndo alama nzuri zaidi ya kuangalia bila kutumia hela. Na vilainishi muangalie, vingi vinaua au kupunguza kasi ya mbegu. Kulala miguu juu ukutani baada ya tendo hakuongezi kitu, lala unavyopenda.

Nikija kwa shemeji. Hapa nitakaa kidogo maana ndo panaponiuma.

Kwenye ndoa zinazohangaika kupata mtoto, karibu nusu yake mwanaume anakuwa na mchango kwenye tatizo, ama peke yake ama pamoja na mke. Nusu! Lakini kwenye foleni za kliniki wanaokaa ni wanawake. Mtoto wa miaka tisa ni ushahidi kwamba miaka kumi iliyopita mbegu zilikuwepo, basi. Korodani zinatengeneza mbegu mpya kila siku na mbegu moja inachukua kama siku 74 kukamilika, kwahiyo alichonacho leo ni kazi ya miezi mitatu ya karibuni, sio ya miaka kumi nyuma. Katikati hapo mtu anaweza kupata maambukizi yakaziba njia, akapata varikosili yaani mishipa ya damu iliyovimba juu ya korodani ikazipasha joto, akaanza sigara, akanenepa, akapata kisukari, akaanza dawa fulani.

Nakumbuka mke na mume walikuja na bahasha kubwa ya vipimo, mke alishapigwa picha ya mirija mara mbili, kaingizwa kamera tumboni mara moja, Clomid miezi minane, yeye ndo alikuwa anaongea, mume kakaa karibu na mlango anaangalia simu. Nae alikuwa na mtoto mkubwa tu. Nikageuza ile bahasha juu chini natafuta karatasi moja yenye jina la mwanaume, hakuna. Nikampa kikopo. Jibu lilirudi sifuri, hakuna mbegu hata moja. Tulipokaa wawili bila mkewe ndo akaniambia alikuwa anajichoma sindano za testosteroni kwa ajili ya mazoezi, mwaka wa pili huo, na alidhani zinamuongezea uanaume. Kumbe testosteroni ya nje ikiingia, ubongo unaona ipo ya kutosha, unaacha kuziambia korodani zifanye kazi, na utengenezaji wa mbegu unazimika. Aliacha, tukamtibu, mbegu zikaanza kuonekana mwezi wa saba. Yule mama alikuwa amelia miaka mitatu kwa ajili ya ovari ambazo hazikuwa na shida yoyote. Kwahiyo shemeji akisoma hapa: kama unatumia sindano au vidonge vya kujenga mwili, mwambie daktari, usione aibu, na usiache wala kuanza kitu kingine kimyakimya.

Kipimo chenyewe hakina sindano wala maumivu. Asitoe manii kwa siku 2 mpaka 7 kabla, isizidi isipungue, achukue sampuli kwenye kikopo safi cha maabara bila kutumia mate, sabuni wala kondomu ya kawaida, yote iingie maana lile la kwanza kabisa ndo lenye mbegu nyingi, kama limemwagika aseme. Akichukulia nyumbani ifike maabara ndani ya saa moja, aiweke mfuko wa ndani wa nguo karibu na mwili, asiweke kwenye friji. Viwango vya Shirika la Afya Duniani vya 2021 mstari wa chini ni ujazo mililita 1.4, mbegu milioni 16 kwa kila mililita, zinazotembea asilimia 42, na zenye umbo zuri asilimia 4. Hiyo 4 inawatisha wanaume wengi, wanasoma "asilimia 96 zina umbo baya" wanakosa usingizi, lakini hata wanaume waliopata watoto bila shida, mbegu zao nyingi huwa hazina umbo zuri. Na namba hizi sio mtihani wa kufaulu na kufeli, aliye chini yake anaweza kumpa mkewe mimba na aliye juu yake akachelewa. Jibu likiwa baya linarudiwa baada ya wiki kadhaa, maana hata homa kali ya miezi miwili nyuma inaweza kushusha mbegu zote.

Jinsi ya kumwambia? Usimpeleke kwa hoja ya nani mkosaji. Mwambie hivi: "Daktari hawezi kuniandikia dawa nyingine mpaka aone karatasi yako", na ni kweli, mimi nisingekuandikia.

Turudi kwako. Siku 38 hadi 45 pamoja na vinywele vya kidevu, hiyo inanipeleka kwenye PCOS, ingawa siwezi kukupa jina la ugonjwa kwa maandishi. Ili tuseme ni PCOS tunataka mambo mawili kati ya matatu: siku zinazopishana, dalili za homoni za kiume kuwa juu (nywele, chunusi, au kipimo cha damu), na ovari zenye vifuko vingi vidogo kwenye altrasaundi. Wewe tayari una mawili. Lakini kabla ya kubandika jina lazima zitolewe nyingine zinazofanana, kwahiyo upimwe tezi ya shingo na prolaktini (homoni ya maziwa), ni damu tu. Na ule msemo wa "ovari zako zina uvimbe" unaoambiwa ukitoka altrasaundi, vile sio vivimbe vya kukatwa, ni vifuko vya mayai yaliyoanza kukua yakaishia njiani. PCOS mara nyingi ndo tatizo lenye dawa nyepesi kuliko yote katika haya, nakwambia hili ili upumue kidogo. Kama uzito umezidi, kupunguza asilimia 5 hadi 10 tu kunaweza kurudisha yai kutoka lenyewe kwa baadhi ya wanawake, yaani mwenye kilo 80 akashuka kilo 4 mpaka 8.

Clomid imekuwa kama panadol siku hizi, watu wanapeana. Kwa PCOS dawa tunayoanza nayo sasa ni letrozoli, kuna utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa 2014, wanawake 750 wenye PCOS, waliotumia letrozoli asilimia 27.5 walijifungua na waliotumia Clomid ni 19.1. Clomid kwa wengine inafanya ukuta wa ndani wa kizazi kuwa mwembamba, yai linatoka lakini pa kujishika hapapo vizuri. Ila jina la dawa sio hoja yangu kubwa, hoja ni kwamba miezi minne ulimeza bila mtu kukuangalia kwa altrasaundi kama kifuko kinakua, hatujui kama yai lilitoka mara nne au halikutoka hata mara moja, hizo ni hali mbili tofauti kabisa na tiba zake tofauti. Pia bila kuangaliwa unaweza kukuza mayai matatu manne kwa pamoja ukapata mimba ya watoto wengi ambayo ni hatari kwako na kwao. Kwahiyo ya tano usimeze.

Alafu PID. Hii ndo inanifanya nisiseme tu "badili dawa endelea". Klamidia na kisonono vinapanda kwenye mirija vinaacha makovu, na klamidia mara nyingi haina dalili kabisa, mtu anajua baadae sana. Mrija ni mwembamba ndani kama uzi, kovu dogo tu linaziba. Sasa ukimpa mwenye mirija iliyoziba dawa ya kukuza mayai unamtesa bure, na ukiwa umeziba nusu kuna hatari ya mimba kutunga nje ya kizazi. Kipimo ni HSG, unawekewa dawa ya rangi kupitia shingo ya kizazi, eksirei inapigwa, dawa ikimwagika pande zote mbili mirija iko wazi. Inafanyika hedhi ikishakata na kabla yai halijatoka, na msikutane tangu hedhi ianze mpaka upigwe, tusije tukapiga picha kuna mimba changa. Inauma, sitakudanganya, kama maumivu makali ya hedhi kwa dakika chache, omba dawa ya maumivu saa moja kabla. Na wakisema umeziba karibu kabisa na kizazi usilie hapohapo, wakati mwingine mrija unajikaza tu kwa maumivu picha inaonyesha umeziba kumbe uko wazi, hiyo inahakikishwa kwa kipimo kingine.

Karatasi hizi tatu zikiwa mezani, yaani mbegu, mirija na yai, njia inajionyesha yenyewe. Mbegu nzuri na mirija wazi: letrozoli na altrasaundi, miezi kama sita, na wenye PCOS wengi wanapata hapo wala hawafiki kwenye IVF. Mbegu zimepungua kidogo au tatizo halionekani popote: kuna IUI, mbegu zinasafishwa maabara, zile nzuri zinawekwa ndani ya kizazi kwa mpira mwembamba siku yai linapotoka, dakika chache unanyanyuka unaenda zako. Ni nafuu kuliko IVF lakini inahitaji angalau mrija mmoja wazi, akikupeleka mtu kwenye IUI bila HSG muulize kwanini.

Mirija yote imeziba au mbegu chache sana, hapo ndo IVF kwenye nafasi yake. Na ndivyo ilivyoanza, mtoto wa kwanza wa IVF duniani, Louise Brown, alizaliwa Uingereza 25 Julai 1978 kwa sababu mirija ya mama yake ilikuwa imeziba. Louise mwenyewe alikuja kuzaa kwa njia ya kawaida, nawaambia wale wanaoogopa kwamba mtoto wa maabara hatakuwa sawa. Kwa upande wa wanaume mambo yalibadilika 1992 walipozaliwa watoto wa kwanza wa ICSI huko Ubelgiji, ambapo mbegu moja inachukuliwa na kuchomwa moja kwa moja ndani ya yai. Hata mwanaume ambaye manii yake haina mbegu, mara nyingine inapatikana kwa kuitoa kwenye korodani yenyewe.

Inavyokwenda: unachoma sindano za homoni tumboni kila siku kwa siku 8 hadi 14, damu na altrasaundi kila baada ya siku chache, mayai yakifika ukubwa unachoma sindano ya mwisho ya kuyakomaza kwa saa ileile uliyoambiwa, na masaa kama 36 baadae unalazwa usingizi mfupi yanavunwa kwa sindano kupitia ukeni. Jioni ile simu inapigwa, mmepata 12, unafurahi. Kesho inapigwa tena, yaliyokomaa 9, yaliyorutubishwa 6. Siku ya tano vimebaki viinitete 3 au 2. Kupungua huku ni kawaida lakini hakuna anayewaandaa watu, mama analia kila simu. Kimoja kinawekwa kizazini, vingine vinagandishwa, alafu kama wiki mbili za kungoja kipimo. Mwenye PCOS kama wewe lazima aambiwe kuhusu ovari kuvimba kupita kiasi na tumbo kujaa maji, uko kwenye kundi la hatari zaidi, waulize watakukinga vipi, maana njia zipo. Kama kuna mrija uliojaa maji unatolewa au unafungwa kabla, yale maji yanarudi kizazini yanaharibu nafasi ya kiinitete kujishika. Na hata chini ya miaka 35 kiinitete kilichopandikizwa mara nyingi hakishiki, umri ukipita 40 kwa mayai yako mwenyewe nafasi inashuka sana. Kwahiyo mkopo wa awamu moja tu, mtu akilipa mpaka senti ya mwisho akitegemea ya kwanza ndo itajibu, hapo ndo ndoa nyingi nimeziona zinavunjika. Kituo kitakachokupa asilimia muulize ni asilimia ya nini, ya kipimo kuwa chanya au ya mtoto kuzaliwa hai, na kwa wanawake wa umri gani.

Nikuombe pia usiende "kusafishwa kizazi". Kizazi kinajisafisha kila mwezi, hiyo ndo hedhi. Kukwanguliwa bila sababu kunaweza kuacha makovu ndani kuta zikashikana, na hapo tunakuwa tumetengeneza ugumba ambao haukuwepo. Na kizazi kilichogeuka nyuma hakizuii mimba, wanawake wengi tu wamezaliwa nacho hivyo. Unachoweza kuanza leo ni foliki asidi mikrogramu 400 kila siku, maana uti wa mgongo wa mtoto unafunga wiki za mwanzo kabla hata hujajua una mimba.

Hedhi ikianza, hesabu hiyo ni siku ya 1. Siku ya 2 hadi 4 damu ya homoni pamoja na tezi na prolaktini, ikishakata ukafanye HSG, kuanzia siku ya 31 projesteroni kila wiki mpaka hedhi nyingine. Shemeji anaweza kwenda hata wiki hii, yeye hana hedhi ya kungoja. Majibu yakitoka niandikie namba zenyewe kama zilivyo kwenye karatasi, usiniandikie "wamesema iko sawa", na cha mumeo nataka nikione cha kwanza.